Tawi Moja la Kutua

Mtaani walimwita Mama Pasipoti, naye aliitika bila kinyongo. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa amewapiga watu picha ndogo za vitambulisho, nyuso kavu, masikio yote mawili nje, na nusu ya watu wazima wa mji ule walikuwa wamewahi kukaa kwenye kiti chake cha kuzunguka wakaambiwa washushe mabega. Alikuwa mpigapicha hodari. Alikuwa pia mwoga, na hapo siongezi chumvi. Aliogopa mbwa, awe amefungwa au hajafungwa. Aliogopa ngazi, radi, jiko la gesi, simu inayolia alfajiri na barua yenye muhuri. Akiuziwa nyanya zilizooza alisema asante. Siku moja mteja alimkaripia kwamba picha imemtoa mnene, akaomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyemlisha.

Wapo watakaouliza alitishwa na nini utotoni. Hakutishwa na kitu. Woga wake hauna hadithi, alizaliwa nao kama wengine wanavyozaliwa na mwanya. Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi mwenye sauti ya kufika barabarani, alizoea kusema kwamba mama yake akikutana na kivuli chake hukipisha kipite kwanza. Mama Pasipoti alicheka pamoja naye. Akijitetea alisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na kwamba yeye bado yupo, mashujaa wako wapi?

Studio yake ilikuwa chumba kimoja kati ya fundi viatu na duka la vifaa vya umeme, hatua chache kutoka ofisi ya vitambulisho. Pazia jeusi lilikigawa chumba katikati. Mbele palikuwa na kaunta na mkasi wa kukatia picha. Nyuma palikuwa na kiti, taa mbili, na vitambaa vya kuning'iniza ukutani: cheupe cha pasipoti, cha bluu cha vyeti vya shule, na kimoja kikubwa cha turubai kilichochorwa ngazi za jumba na maua, cha maharusi, ambacho hakikuguswa tena tangu watu walipoanza kujipiga wenyewe kwa simu. Nyuma ya lile pazia, jicho likiwa kwenye kamera, woga ulimwacha. Mtu aliyeketi mbele yake aligeuka mwanga na kivuli tu, hata angekuwa askari. Akiondoa jicho, woga ulirudi mahali pake.

Kisha ofisi ya vitambulisho ikaleta mashine zake, watu wakawa wanapigwa picha huko huko dirishani, na asubuhi za Mama Pasipoti zikawa tupu. Zilikuwa tupu zaidi kwa sababu mwaka uliotangulia alikuwa amemzika mumewe, aliyekuwa mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni hadi kilipofungwa. Kiwanda kilibaki na mlinzi mmoja, mzee wa mzaha aliyekuwa rafiki wa marehemu na aliyemwita Mama Pasipoti shemeji. Ni shemeji huyo aliyemwambia kwamba uwani kwa nyuma, palipokuwa na matangi, pameota msitu mdogo na ndege wanaimba mpaka anakosa usingizi wake wa kazini.

Akaenda na kamera. Alikwenda mara moja, akarudi kesho yake, kisha akawa haonekani nyumbani asubuhi yoyote isipokuwa Jumatatu, siku ambayo shule zilimletea kazi kidogo ya vyeti.

Huko uwani walikuwa ndege wa kila namna: wadogo wa manjano waliotembea kundi zima, wa kijani wenye mkia mrefu, wekundu waliokaa wawili wawili. Lakini aliyemteka ni yule ambaye wengine humwita kurumbiza. Kichwa cheusi, mstari mweupe juu ya jicho, kifua chote rangi ya chungwa lililoiva, na sauti ambayo ilianza kabla jua halijatoka na kupanda taratibu mpaka mtu anasahau alikuwa anafikiria nini. Alikuwa na jike lake, na kila msimu walilea makinda wenye madoadoa. Na walikuwa wepesi wa kuogopa. Siku ya kwanza alipomwona mwanamke na chuma chake, kurumbiza alitoweka wiki nzima. Mama Pasipoti hakukasirika. Alimwelewa kuliko alivyomwelewa mtu yeyote.

Ikamchukua miezi kumi na minne. Alishona kibanda kwa lile turubai la maharusi, michoro ndani, upande wa nyuma wenye rangi ya vumbi nje, akakaa humo asubuhi nzima akitazamana na maua na ngazi za jumba. Alitoboa dumu kwa sindano akalitundika, maji yadondoke tone tone kwenye beseni lenye mawe. Kila wiki alikisogeza kibanda hatua moja. Mwishowe kurumbiza alikuja kunywa akiwa hatua tano tu kutoka lenzi, na hata Mama Pasipoti alipotoka kurekebisha beseni, ndege alisubiri juu ya pipa na kumtazama kwa upande, kama mteja aliyeambiwa fundi anakuja sasa hivi.

Sasa mtu aliyepiga pasipoti miaka ishirini na saba haridhiki na ndege kuonekana tu. Anataka pozi. Kosa la wanaoanza ni kumweka ndege katikati ya picha kama sahani mezani. Yeye alimwachia nafasi mbele ya mdomo, nafasi ya kuimbia. Alitaka kichwa kigeuke kidogo kumwelekea, nukta ya mwanga iwepo ndani ya jicho, mkia usikatwe na jani. Ndege haambiwi ashushe mabega, kwa hiyo alimpangia mahali. Alikata tawi zuri la mpera lenye magamba ya kijivu, akalifunga kwa waya kwenye bomba la chuma juu ya beseni, limeinama kidogo, mbali na ukuta wenye kuvu ili nyuma ya picha pawe kijani laini kisicho na kitu. Kisha akachukua mkasi wa miti akakata vijiti vingine vyote vilivyokuwa karibu. Ndege aliyetaka maji hakuwa na pengine pa kukanyaga ila pale. Picha zilizotoka zilimfanya acheke peke yake nyuma ya pazia jeusi.

Alitundika nne kubwa dirishani mwa studio. Watu walipita. Fundi viatu alisema ni nzuri, akauliza kama ndege hao wanaliwa.

Ndipo Jumatano moja akaingia bwana mmoja wa makamo, shati limepigwa pasi, akasalimia kwa heshima, akaomba picha mbili za kitambulisho. Alipokuwa akisubiri zikatwe alisimama dirishani kwa muda mrefu. Akauliza inawezekanaje ndege wa porini akakaa hivi, ametulia, kifua mbele. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Mama Pasipoti swali hilo. Hata binti yake huuliza tu kama amekula. Furaha ikampanda kichwani, na yeye, ambaye huzungumza na wateja kwa maneno matatu, akasema yote. Akaeleza dumu na tone la maji, saa wanayokuja, uwanja wa kiwanda cha sabuni, shemeji wa getini, siku zote isipokuwa Jumatatu. Akaeleza miezi kumi na minne. Akaeleza kwa majivuno jinsi alivyokata vijiti vyote akaacha kimoja.

"Kwa hiyo hana hiari," yule bwana alisema. "Lazima atue hapo."

"Hapo hapo," alisema Mama Pasipoti.

Bwana akaweka kidole juu ya picha, akaulizia unene wa tawi, akashukuru sana na kuondoka. Kichwani mwake Mama Pasipoti alimpa jina la Mstaarabu. Jioni ile, akiosha vyombo, aliikumbuka namna kile kidole kilivyolipima lile tawi, akaenda kuhakikisha mlango umefungwa. Akajiambia hiyo ni tabia yake ya kuogopa kila kitu, akaendelea kuosha.

Jumanne iliyofuata alifika uwani, akalishika tawi kulinyoosha, na kidole kikanata. Alidhani ni utomvu wa mpera. Lakini tawi lililokwisha kukauka halitoi utomvu, na kwenye ule mnato palikuwa na vinyoya viwili vya manjano na alama ya mahali ambapo mguu mdogo umevutwa kwa nguvu. Ulimbo. Alikuwa ameusikia tangu utotoni, ule utomvu unaopikwa mpaka uwe gundi ya kunasia ndege, lakini hakuwahi kuugusa. Siku hiyo walikuja ndege wa manjano wanne. Wiki iliyopita walikuwa kumi na moja.

Alirudi getini, akamwuliza shemeji kama kuna mtu aliingia.

"Si yule mwanafunzi wako?" shemeji akasema. "Alikuja jana na vifaa vyake vimefunikwa. Kijana wa adabu sana. Alisema umemtuma."

Kijana mwenyewe alikuwa na mvi, lakini kwa shemeji kila aliyemwamkia vizuri alikuwa kijana. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema kwamba hana mwanafunzi, kwamba mtu huyo ni mwizi, afungiwe geti. Maneno yalifika kooni. Akafikiria Mstaarabu akizuiwa, akiuliza nani amesema, akija studio, akisimama mbele ya kaunta. Akasema, "Aa. Sawa, shemeji." Akaenda zake. Njia nzima alijitukana.

Alilisafisha tawi kwa mafuta ya taa, kisha akaona haitoshi, akalifungua kutoka kwenye bomba na kulificha nyuma ya pipa. Aliyafanya hayo huku akigeuka kila mara kutazama ukuta. Siku ya Ijumaa, alipokuwa peke yake studio, pazia la mlangoni likasogea na Mstaarabu akaingia. Alikuwa na shati jingine, nalo limepigwa pasi. Hakupandisha sauti. Alisema alipita pale kiwandani jana, ameona tawi halipo, na pengine limeanguka kwa upepo.

"Nimewapata wale wadogo," alisema. "Wana soko. Lakini yule wa kifua cha chungwa sijampata bado, na yupo mtu ananisubiria. Mama yangu, lile tawi ulirudishe palepale."

Alisema mama yangu kama mtu anavyomwambia mzazi wake ampatie kikombe cha maji. Kisha akatazama studio yote, ukutani, kwenye waya za taa, kwenye pazia jeusi, akauliza kama huwa anafunga peke yake jioni. Akaondoka kwa kumtakia siku njema. Mama Pasipoti alikaa kwenye kiti cha wateja kwa saa nzima na hakuweza kuinuka hata kufunga mlango. Jumamosi asubuhi alikwenda uwani akalirudisha tawi kwenye bomba, akalikaza kwa waya. Alilia akilikaza. Lakini alilikaza.

Nimesema mwanzoni kwamba simwongezei chumvi. Msimwongezee na nyinyi. Kurudisha tawi ni aibu, na yeye alijua. Usiku wa Jumapili hakula. Binti yake alipiga simu akauliza sauti imekuwaje, akajibiwa ni mafua. Na asubuhi ya Jumatatu, siku ambayo hakuwahi kwenda, miguu ikampeleka, kamera begani kwa mazoea. Alikuwa amepanga kulivunja lile tawi na kukimbia kabla mtu hajafika. Geti lilikuwa limeegeshwa, shemeji amekwenda kununua chai. Akapita. Alipofika kwenye matangi alisikia sauti za wanaume nyuma yake, na badala ya kulivunja tawi akajitupa ndani ya kibanda cha turubai na kufunga zipu.

Walikuwa wawili. Mstaarabu na mwingine mnene, mwenye panga la kufyekea mkononi na vizimba viwili vilivyofunikwa khanga begani. Kupitia tundu la lenzi aliwaona waziwazi, hatua tano, umbali aliouchagua mwenyewe. Mstaarabu alitoa kopo, akachota ulimbo kwa kijiti, akalipaka tawi polepole, juu na pembeni, bila kuacha pengo. Alifanya kazi safi. Akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akalizungusha tawi kidogo ili liinamie maji zaidi. Mama Pasipoti alijikuta anakubali kwamba ni bora hivyo, akajichukia. Kisha wanaume wakaenda kujificha nyuma ya mapipa.

Mkojo ulimbana. Mbele ya uso wake yalikuwa maua yaliyochorwa na ngazi zisizokwenda popote. Angekohoa wangemjua. Angenyamaza wangemaliza na kuondoka, na hakuna ambaye angejua alikuwepo. Alinyamaza.

Akaja wa manjano mmoja. Akatua, akainama kunywa, akataka kuinua mguu, mguu haukuja. Akapiga mabawa, bawa likanata, akaning'inia kichwa chini akipiga kelele ndogo. Yule mnene akaja, akambandua kwa vidole vilivyopakwa mafuta, akamtia kizimbani. Ikachukua muda mfupi kuliko kukata picha nne za pasipoti. Mama Pasipoti alikuwa ameuma mkono wake mwenyewe.

Ndipo akamsikia. Kwanza mbali, juu ya paa la stoo ya zamani ya mumewe, ule wimbo unaopanda taratibu. Kisha karibu, kwenye ukuta. Kisha kimya, na kurumbiza akatua juu ya pipa lake la siku zote. Alikitazama kibanda. Alikijua. Kwa miezi kumi na minne kibanda kile hakikuwahi kumtendea ubaya, na kwa sababu kibanda kipo alijua pako salama. Akashuka hadi ukingo wa beseni. Akayatazama maji, akalitazama tawi, akainamisha mwili kama wafanyavyo wakitaka kuruka.

Mama Pasipoti alifungua mdomo apige kelele na sauti haikutoka. Haikutoka kabisa, kama bomba lililokatiwa maji. Basi akasimama tu. Alisimama akiwa bado ndani, akasahau kwamba turubai limeshonwa, na kibanda chote kikainuka pamoja naye, vijiti vikavunjika, kamera na miguu yake mitatu vikaanguka juu ya mawe, naye akatoka mbele, turubai limepinduka ndani nje, amevikwa ngazi na maua kutoka kichwani hadi magotini, akipiga mikono asiyoiona. Ndege wote wa uwanja ule waliruka kwa pamoja. Yule mnene alitupa panga akakimbia hadi ukutani akiomba Mungu amnusuru.

Mstaarabu hakukimbia. Alipomtambua alicheka kidogo, akaja akamsaidia kuvua turubai, kwa upole, kama mtu anayemvua bibi yake koti.

"Mama, umenitisha," alisema. Aliokota panga akalifuta kwa nyasi. "Haidhuru. Leo wameruka, Jumatatu watarudi. Tawi ukiondoa nitakuja na langu. Si wewe uliyewafundisha wasiogope?"

Akamfunika yule wa manjano kwa khanga, akamwita mwenzake, wakaondoka kwa mwendo wa kawaida.

Lenzi ilikuwa imepasuka. Alivikusanya vipande vyake, akaenda getini, na safari hii akamwambia shemeji kila kitu, hata lile la kurudisha tawi. Mzee hakufanya mzaha safari hii, akasema kikulacho ki nguoni mwako, akaapa mtu yule hapiti tena. Lakini wote wawili waliujua ukuta wa nyuma ulioanguka, na waliijua zamu ya siku nzima ya mzee mmoja mwenye magoti mabovu. Kuhusu kwenda kituoni, shemeji alisema wataulizwa ndege hao ni mali ya nani. Mama Pasipoti aliangalia chini. Yale maneno ya Mstaarabu yalikuwa yamemkaa kifuani kwa sababu yalikuwa kweli. Ubaya haukuwa tawi, wala maji. Ubaya ulikuwa kwamba ndege wale hawaogopi watu, na aliyewaondolea woga ni yeye. Na kuanzia Jumanne hadi Jumapili ni siku sita.

Kama kuna kitu alichokijua vizuri ni kuogopa. Alijua kinavyoingia. Hakiingii kwa kelele moja, huingia kwa kurudiwa.

Jumanne alikuja na sufuria na mwiko wa chuma, akalisugua kwanza tawi kwa mafuta ya taa mpaka ulimbo ukaisha. Aliacha maji yadondoke, akakaa wazi juu ya pipa bila kibanda, na ndege walipotua akaipiga sufuria kwa nguvu zake zote, akainuka, akawakimbilia. Waliruka. Baada ya muda mfupi walirudi. Akapiga tena. Jumatano hali ilikuwa ile ile, wakaruka hadi ukutani tu, wakangoja aache wazimu wake. Shemeji alikuja kusimama penye matangi, akasema shemeji yangu, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na kwamba kelele peke yake haimtoi mtoto kwenye sukari. Akamletea kokoto kwenye kofia yake.

Alhamisi akaanza kurusha. Hakuwahi kumrushia kitu kiumbe yeyote maishani mwake, na kokoto za mwanzo zilikwenda kokote. Wa manjano waliobaki walitawanyika, na mchana walikuwa hawaonekani tena. Wa kijani wakaondoka. Kurumbiza peke yake alibaki. Alijificha kwenye majani, akaimba kidogo, akatulia. Alikuwa amemzoea mno.

Ijumaa, jua lilipopita juu ya ukuta, akashuka. Alitua kwenye tawi la mpera. Akageuza kichwa kumwelekea, nukta ya mwanga ikaingia jichoni, mkia wote wazi, kifua kikapokea jua, na nyuma yake ukuta ukayeyuka kuwa kijani kitupu. Miezi kumi na minne hakuwahi kumpa pozi lile. Alifungua mdomo akaanza kuimba, akiwa hatua tano, akimtazama. Mama Pasipoti alikuwa na kokoto mkononi na machozi machoni, hakuona sawasawa, akarusha.

Ilimpata. Bawa au ubavu, hakujua. Ndege alianguka ndani ya beseni, akapiga maji, na unyoya mmoja wa chungwa ukabaki juu ya maji wakati yeye akitambaa, akiruka chini chini, akipotea nyuma ya matangi. Mama Pasipoti alipiga magoti. Alimtafuta hadi saa sita, huku akiogopa kumpata. Hakumpata. Jumamosi palikuwa kimya. Jumapili dumu lilidondosha maji yake mpaka likakauka na hakuna aliyekuja kunywa.

Jumatatu alifungua studio akangoja. Saa tano Mstaarabu alisimama mbele ya kaunta na vizimba vitupu mkononi, suruali imelowa umande magotini. Mama Pasipoti akashika ukingo wa kaunta.

"Nimekaa tangu alfajiri," Mstaarabu alisema. "Hakuna kitu. Umenifukuzia."

"Ndiyo," alisema Mama Pasipoti. Ilikuwa sauti ndogo, lakini ilitoka.

Mstaarabu alitazama pazia, taa, nyaya. Mwisho akasema bahari haiishi samaki, maeneo yako mengi, akatoka. Hakuaga. Mama Pasipoti alifunga duka saa ile ile, akaenda nyumbani kwa binti yake, akalala huko wiki mbili na hakueleza kwa nini.

Aliporudi uwani, shemeji alimsindikiza hadi kwenye matangi, akarudi getini. Nyasi zilikuwa zimeanza kufunika beseni. Alisimama hapo na sufuria yake, hajui anatazamia nini. Na kutoka mbali, nje ya ukuta, juu ya mti wa jirani, wimbo ukaanza. Ulipanda taratibu vile vile. Alimwona: kifua cha chungwa, bawa moja limeinama kidogo upande, na jike lake chini yake. Yu hai. Furaha ilimjia kwa nguvu hadi akasahau, akapiga hatua moja mbele kumwona vizuri.

Kurumbiza alimwona. Wimbo ulikatika katikati, na wote wawili wakaruka, wakaenda mbali sana, mpaka wakawa nukta juu ya mapaa. Katika maisha yake yote hapakuwahi kuwa na kiumbe aliyemjua Mama Pasipoti kisha akamwogopa. Alisimama akilia, bila kujifuta. Kisha, ili kuwa na hakika, akaipiga sufuria tena.